Msuguano wa bahari na kimbunga

Langoni, Lamu
19 Mei 2024

Sahibu yangu Athumani,

Salamu sana, na Mama nisalimie. Huku sote wazima, ila masika haya yametuchosha. Dari lavuja kila pembe.

Juzi simu yako iliisha chaji kabla sijakujibu. Uliuliza: ikiwa bahari inausugua upepo, mbona kimbunga kama kile cha Hidaya, kilichofika Mafia tarehe 4, kipate nguvu huko huko majini?

Tia majani ya chai kwenye bilauri ya maji, koroga, kisha uache. Majani hayaendi ukingoni, yanakusanyika katikati, chini. Maji ya chini yanasuguana na kitako cha bilauri, mwendo unapungua, yanasukumwa ndani. Upepo nao ni hivyo hivyo. Usingesuguliwa, ungelizunguka jicho la kimbunga tu bila kulikaribia. Bahari ikiupunguza kasi, mgandamizo mdogo wa katikati unauvuta. Unaingia na mvuke wake, unapanda, mvuke unageuka mawingu na mvua, na joto linalotoka hapo ndilo linalokiendesha kimbunga. Kumbe msuguano unakilisha!

Lakini pia unakinyonya. Upepo ukizidi maradufu, joto na mvuke unaochotwa baharini huzidi maradufu. Nguvu inayopotea kwa msuguano huzidi mara nane. Ndipo kimbunga hufikia kikomo. Kerry Emanuel wa Marekani aliifanyia hesabu habari hii tangu miaka ya 1980.

Mimi kilichonipendeza zaidi ni povu. Ilidhaniwa kwamba upepo ukizidi, mawimbi yanaparuza zaidi na bahari inaushika zaidi. Mwaka 2003 Mark Powell na wenzake wakatoa vipimo vya vyombo vidogo vinavyoangushwa kwa parachuti kutoka ndegeni, ndani ya vimbunga vyenyewe. Upepo ukipita kama kilomita 120 kwa saa, mshiko wa bahari hauongezeki tena. Maji yamefunikwa povu na matone, upepo unateleza juu yake. (Usimwambie mjomba wako, atasema kila nahodha alikuwa akijua.)

Kuhusu Lamu, usihofu sana. Tuko nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, na karibu hivyo na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuupinda upepo ukawa kimbunga. Mawimbi makubwa ndiyo ya kuangalia.

Ukija Idi, usisahau kile kipimo cha upepo ulichoniahidi. Nataka kukijaribu gatini kusi ikishika.

Wasalaam,
Nduguyo Swaleh