Barua kwa mwanangu: gitaa lako la mashoto

Mwanangu mpenzi,

Natumaini u mzima. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi sina raha mpaka nijue gitaa limekufikia salama.

Najua ule ujumbe wangu wa kukuomba usilifungue kasha mara tu linapofika ulikuwa mtihani mkubwa. Sababu ni vanishi. Gitaa lako limepakwa vanishi ya nitroselulosi, tabaka jembamba sana, na mbao iliyopoa njiani ikikutana ghafla na joto la chumba, vanishi na mbao havitanuki kwa mwendo mmoja. Hapo huzuka mistari midogo ya nyufa isiyofutika. Heri saa chache za subira.

Sasa kwa kuwa liko mapajani mwako, usikimbilie amplifaya. Pitisha kwanza mkono wa kulia nyuma ya shingo, kuanzia juu hadi inapoungana na kiwiliwili. Unahisi kwamba haiko sawa pande zote? Upande wa nyuzi nene imeachwa nene kidogo, upande wa nyuzi nyembamba imekonda, kama ulivyoomba. Fundi mwenyewe hupiga kwa mkono wa kulia, kwa hiyo asingeweza kuipima kwa kiganja chake. Alichofanya ni kukata vipande vya kadibodi kwa umbo la mgongo wa shingo uliyoipenda, kimoja cha freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), kingine cha freti ya 12, kisha akavigeuza. Akawa anachonga kidogo, anaweka kadibodi, anaangalia mwanga unapenya wapi, anachonga tena. Nilikuwa nimeketi pembeni, nikatamani ungekuwepo uone mtu mzima akihangaikia upana wa mwanga chini ya karatasi kwa ajili ya kiganja ambacho hajawahi kukishika.

Unajua kwa nini jambo hili lilinigusa. Ulipokuwa mdogo, mwalimu mmoja alikuambia ugeuze tu mkono, kwamba utazoea. Hukugeuza. Ukalipindua gitaa la kuazima, ukaendelea, huku vitufe vikikuzuia mkono na ile pembe ya chini ikikunyima freti za juu. Sikukuambia wakati ule jinsi nilivyojivunia ukaidi wako, basi nakuambia leo.

Waliotangulia nao walipita njia hiyo. Jimi Hendrix aliyachukua magitaa ya Stratocaster ya mkono wa kulia, akayapindua na kuzipanga nyuzi upya. Albert King hakujisumbua hata na nyuzi: alilipindua gitaa zima, nyuzi nene zikabaki chini, akawa anazivuta zile nyembamba kuelekea sakafuni badala ya kuzisukuma juu, na wapigaji wengi wamejaribu kuuiga mvuto ule kwa vidole vinavyokwenda upande wa pili. Mwaka 1972 fundi Dan Erlewine alimtengenezea gitaa la mashoto kwa mbao ya mjozi mweusi, jina la King likiwa limepachikwa kwenye ubao wa vidole. Mtu aliyekwisha kuutikisa ulimwengu kwa gitaa la kupindua bado alistahili gitaa lililochongwa kwa ajili yake. Wewe nawe unastahili, na sitaki usikie haya kulipokea.

Urefu wa uzi, kutoka kwenye kipande cha mfupa kule juu hadi kwenye briji, pale nyuzi zinapokalia kiwiliwilini, ni milimita 628. Magitaa mengi ya kampuni ya Fender, likiwemo lile uliloazima, yana milimita 648. Sentimita mbili ni kitu kidogo kwa macho, ila vidole vyako vifupi vitaijua tofauti: freti zimesogeleana, na nyuzi zilezile zikikazwa kwa sauti ileile, mkazo wake unapungua kwa takriban asilimia 6. Zile nota ulizokuwa ukizivuta mpaka kidole kinauma, sasa zitakutii mapema.

Siku ya kupiga mistari ya freti ndiyo niliyoifurahia kuliko zote. Freti ya 12 hukaa katikati kabisa ya uzi, kwako ni milimita 314, na hapo sauti hupanda oktava moja kamili. Hizo nyingine hupatikana kwa hesabu: unachukua urefu wa uzi uliobaki, unaugawa kwa 17.817, jibu ndilo umbali wa freti inayofuata. Lakini fundi hakupima kutoka freti moja hadi nyingine. Alizikokotoa zote kwanza, kisha kila moja akaipima upya kutoka kwenye mfupa, ili kosa dogo la penseli lisirithiwe na freti zinazofuata. Nusu milimita inasikika, alisema, na hakuinua macho alipokuwa akisema.

Ule mfupa nao utazame vizuri. Chumba kizima kilinuka mfupa uliosuguliwa siku ile. Kila uzi una mfereji wake, uliochongwa kwa tupa ya unene wake, na yote imepangwa kwa mashoto tangu mwanzo. Mfereji ukiwa juu mno, freti ya kwanza inakuwa ngumu na nota inapanda kuliko inavyotakiwa. Ukizama mno, uzi usiobonyezwa unakwaruza freti na kazi inaanza upya kwa mfupa mwingine. Vitufe navyo vina potenshometa za mashoto, yaani vile vifaa vya ndani vya kuongeza na kupunguza sauti. Ukikizungusha cha sauti utaona inapanda taratibu badala ya kuruka.

Kuhusu mbao na sauti, watu hubishana mpaka wanakosana. Mimi msimamo wangu ni kwamba pikapu, kile kifaa chenye sumaku kilicho chini ya nyuzi, husikia chuma cha uzi kinapotikisika kwenye uga wa sumaku, na nilichojali katika mbao ni uzito begani mwako na uthabiti wa shingo. Ile pikapu uliyoichagua karibu na briji ni ya koili mbili, aina aliyoibuni Seth Lover wa kampuni ya Gibson katikati ya miaka ya 1950. Waya wake ni mwembamba kama unywele, umezungushwa maelfu ya mizunguko. Koili zimepangwa kinyume, hivi kwamba ule mvumo wa umeme wa nyumbani unaoingia katika koili moja unafutwa na ule wa koili ya pili, lakini sauti ya uzi inajumlishwa. Ndiyo maana hata ukiongeza gaini, yaani nguvu ya amplifaya, ukinyamaza patakuwa pametulia.

Ubao wa vidole ni mpingo, mti uleule wa klarineti. Ni mzito kiasi kwamba huzama majini, na vidole vyako havitautoboa leo wala kesho. Itunze karatasi ya fundi inayotaja aina ya mbao, hasa ukisafiri nje ya nchi. Mpingo na jamii yake uliingizwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwaka 2017. Vyombo vya muziki vilivyokamilika vya mpingo vililegezewa masharti mwaka 2019, lakini si kila ofisa wa mpakani atakuwa na habari hiyo kichwani.

Kuna familia moja niliyoifikiria sana wakati tunasubiri. Mwaka 1963 Brian May, akiwa kijana, alianza kutengeneza gitaa pamoja na baba yake, Harold. Shingo waliichonga kutoka kwenye mbao ya zamani ya mekoni pa kuotea moto, na springi za mkono wa kutikisia nyuzi zilikuwa za vali za pikipiki. Zile doti za kuonyesha freti zilitokana na vifungo vya ganda la chaza, vilivyotoka kwenye kisanduku cha kushonea cha mama yake. Kazi ilichukua takriban miaka miwili, na gitaa hilo ndilo alilopanda nalo jukwaani na bendi yake, Queen. Mimi sijui kushika patasi. Ila fundi aliponiuliza kama unapiga umesimama au umeketi, gitaa unalining'iniza juu au chini, unakandamiza nyuzi kwa nguvu au kwa wepesi, ukichoka unaanza kulalamikia kifundo au bega, sikuhitaji kukupigia simu. Nilimjibu yote palepale. Ule mviringo wa nyuma unaoegemea ubavu wako umetokana na majibu hayo, kwa hiyo hapo pana mkono wangu.

Miezi ya mwanzo litakusumbua kidogo. Nyuzi mpya hunyooka, utakuwa unatyuni kila baada ya wimbo. Shingo nayo itajongea kufuatana na hewa ya huko. Jitahidi unyevu wa chumba uwe kati ya asilimia 45 na 55. Ukiona nyuzi zimeinuka au zinakwaruza katikati ya shingo, kile chuma kirefu cha ndani ya shingo hurekebishwa kwa robo mzunguko tu, kisha unasubiri. Mara ya kwanza usikifanye peke yako, mtafute fundi ukamwangalie. Na usiliegemeze kwenye stendi yenye mpira wa kawaida, maana mpira huo hula vanishi ya nitroselulosi na kuacha alama.

Nimesema mengi ya kulitunza, lakini usinielewe vibaya. Sitaki nije nilikute limetundikwa ukutani linapigwa picha. Nenda nalo mazoezini. Lipigie mahali penye joto, litoke jasho nawe, ligongane na stendi ya maikrofoni. Vanishi itasuguka pale mkono wako wa kushoto unapopita, na siku mtu atakapokuambia limechakaa umpe alipige, aone lilivyogeuzwa. Hilo gitaa la kuazima ulilitendea hivyo na lilikuwa si lako. Hili usiliogope eti kwa sababu ni jipya na limetugharimu.

Ukishatyuni, bonyeza freti ya 12 ya kila uzi ulinganishe na ule mlio wa kengele unaotoka ukiugusa tu hapohapo. Nota ikiwa juu kuliko ule mlio, kijichuma cha uzi huo kwenye briji kirudishwe nyuma kidogo. Fundi alivipanga vyote kabla ya kufunga kasha, lakini safari ndefu hulegeza mambo.

Halafu nipigie simu, uiweke karibu na amplifaya. Usinichagulie wimbo ninaoupenda. Nipigie ile kazi yako mpya uliyoniambia haipigiki kwenye gitaa la zamani, hata kama bado ina mapengo.

Nakupenda sana.

Mama yako