Maji ya Mto Zigi nayo yapewe mahali pa kuonekana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wakubwa wa Jiji letu la Tanga, hasa wanaohusika na kupendezesha bustani na vipilefti. Ombi langu ni kwamba kazi ya sanaa itakayofuata kujengwa kwa fedha za umma iwe inahusu maji tunayokunywa. Sanamu za samaki na za wanyama zinatosha.

Mimi ni fundi bomba, sasa nimestaafu. Nimechimba mitaro Ngamiani barabara kwa barabara, na Chumbageni pia. Kazi hiyo ilinifundisha kwamba mwananchi anaiona koki tu. Muulize mtoto wa shule hapa Makorora maji yanatoka wapi, atakujibu kwenye simtanki. Hajui kwamba yameanzia misitu ya Amani, Usambara Mashariki, yakashuka na Mto Zigi hadi bwawa la Mabayani, yakasafishwa Mowe ndipo yakaja kwao. Kitu usichokijua utakionea uchungu vipi?

Binti wa kaka yangu anaishi Phoenix, katika jimbo la Arizona, Marekani. Huko ni jangwani hasa, mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 250, wakati sisi hapa tunapata zaidi ya 1,000. Sehemu ya maji yao hutolewa Mto Colorado kwa mfereji wa zaidi ya kilomita 500, mrefu kuliko barabara ya kutoka hapa hadi Dar es Salaam, na njiani yanapandishwa kwa pampu. Mwaka 2021 serikali yao ilitangaza kwa mara ya kwanza upungufu rasmi wa maji ya mto huo, na mwaka uliofuata Arizona ikapunguziwa mgao.

Watu hao hawakuyaficha maji yao. Kuna mahali panaitwa Arizona Falls, ambapo mfereji mwingine mkongwe unashuka kama mita sita. Palikuwa na mtambo wa umeme uliofungwa mwaka 1950. Mwaka 2003 mtambo ulifufuliwa, na wasanii Lajos Héder na Mags Harries wakapewa kazi ya kupatengeneza ili watu wapate pa kuingia. Sasa unakaa juu ya mawe na maji yanakuangukia pande zako, huku umeme unazalishwa hapo hapo. Jirani yao, mji wa Scottsdale, kila Novemba huweka kazi za sanaa za mwanga juu ya maji ya mfereji huo na kingoni mwake. Kinachonigusa ni kwamba kazi hizo zimetokana na mahali zilipo. Ukizihamishia mji mwingine hazina maana tena.

Sasa nije kwetu. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa sisi wa mjini hiyo ni namba tu. Kwa mkulima wa kule Amani ni shamba la mihogo, ni migomba ya baba yake, anaambiwa aache ili mimi ninywe maji yasiyo na tope. Basi wasanii wetu wachore mita hizo 60 chini pale uwanja wa Tangamano, kwa mawe na vigae, upande mmoja uwe mto na mwingine jembe. Mtu akitoka sokoni na kikapu chake azitembee zote, miguu yake imwambie ni ardhi kiasi gani mwenzake amemwachia. Mwisho wake isimame nguzo ya kioo yenye maji ya Zigi kama yalivyo mtoni, yabadilishwe kila wiki. Wakati wa kiangazi yatakuwa meupe. Masika yakikolea yatakuja na rangi ya udongo, na mtu yeyote ataona milimani kunalimwa vipi na kunachimbwa nini, bila kusubiri ripoti.

Najua nitaambiwa nyumba nyingine bado zinapata maji kwa zamu, kwanza tuzibe mivujo. Ni kweli, mivujo izibwe, nimeziba mingi mwenyewe. Lakini mwaka 2024 Tanga Uwasa, mamlaka yetu ya maji, walitafuta shilingi bilioni 53.12 kwa hatifungani ya kijani, yaani mkopo wa miradi inayotunza mazingira, na watu wakainunua. Mji ambao watu wamekubali kuyakopesha maji yake fedha zao unastahili pia kuonyeshwa yanakotoka.

Na wasiletwe wataalamu wa mbali. Vijana wa sanaa wapo, wengine wamesoma TaSUBa pale Bagamoyo, na wachomeleaji wa Tanga mikono yao naijua. Lipigwe shindano la wazi, michoro itundikwe hadharani watu waitazame wiki mbili tatu, ndipo mtu apewe kazi.

Mimi nina kipande cha bomba la chuma nilichokikata mtaroni zamani. Tundu lake lilikuwa la kupitisha ngumi. Kutu imejijenga ndani tabaka juu ya tabaka hata sasa kidole gumba kinapita kwa taabu. Ninakitoa bure kiwekwe hapo karibu na nguzo, kikiwa kimepasuliwa katikati, na nipo tayari kukaa siku za Jumamosi kuwaeleza wanafunzi kilichotokea humo.

Fundi bomba mstaafu,
Makorora, Tanga