Tafiti zetu za zamani zitajwe

Ndugu Mhariri,

Makala nyingi za kitabibu kuhusu Tanzania huanza na takwimu za Ulaya au Asia, hata pale ambapo utafiti wa hapa nyumbani upo. Hasara yake si ya heshima tu. Anayekadiria idadi ya washiriki kwa kiwango cha ugonjwa cha nchi nyingine anaweza kupata sampuli ndogo mno, na majibu yake yakakosa uzito.

Kosa huanzia kwenye utafutaji wa tafiti mtandaoni. Anayeandika "Tanzania" peke yake huzikosa kazi za kabla ya 1964. Aongeze "Tanganyika" na "Zanzibar", pamoja na jina la wilaya. Kwa mfano, chikungunya, homa inayoenezwa na mbu, ilielezwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952–53 kusini mwa Tanganyika, na jina lenyewe ni la Kimakonde! Apitie PubMed, hifadhidata ya mtandaoni ya makala za kitabibu, kisha African Journals Online, tovuti ya majarida ya Afrika, kisha tasnifu zilizomo maktaba za vyuo, maana nyingi hazikuchapishwa jaridani. Asinakili marejeo ya mwenzake: aifungue makala ya asili, ahakiki mwaka, juzuu na kurasa.

Nao wahariri wa majarida wamuulize mwandishi wa makala ya malaria: mbona kazi za vituo vya utafiti vya Ifakara na Amani hazimo?

Msomaji,
Dar es Salaam