Barua kwa Mjomba: kocha aliyekatazwa mazoezi

Minnesota, Marekani, Septemba

Mjomba, shikamoo.

Habari za timu unayoifundisha nimezipata, nimefurahi. Uliuliza hawa vijana wa hoki ya barafu wa chuoni wanafanyishwa mazoezi kiasi gani. Bahati nzuri nina kibarua uwanjani kwao, nawaona kila jioni. (Usiucheke mchezo wenyewe, hata Nairobi ipo timu, Ice Lions.)

Huku kocha hajipangii tu. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kinamhesabia saa. Msimu ukianza Oktoba, mwisho ni saa 20 kwa wiki, zisizidi 4 kwa siku, na siku moja ya wiki ni ya mapumziko. Mechi inaandikwa saa 3, hata kama wameshinda uwanjani tangu asubuhi. Safari ya basi haihesabiwi kabisa! Wenye hesabu zao wanajua wanachofanya.

Kichekesho chenyewe ni mwezi huu, kabla ya msimu. Kocha ana saa 8 tu kwa wiki, na humo humo zimo za kunyanyua vyuma na kukimbia. Zaidi ya hapo wachezaji wanajiendesha. Juzi nahodha alikuwa katikati ya barafu, anagonga fimbo yake ya hoki chini kila zamu ikiisha, wenzake wanabadilishana wakihema moshi. Kocha akapita koridoni na kahawa yake, macho mbele, kama mtu aliyekutana na mama mkwe njiani. Mazoezi ya hiari haruhusiwi kuyasimamia, wala mchezaji kumpelekea taarifa ya nani kaja na nani kakosa.

Hiari hiyo, Mjomba, unaijua. Nafasi zinagombewa, nani atabaki bwenini? Sijaona mtu akikosa.

Hata hivyo mimi naipenda sheria hii. Kijana anayesoma uhandisi anaweza kusema saa zimekwisha, na maandishi ya sheria yapo upande wake. Harvard, Yale na wenzao wa Ivy League, lile kundi la vyuo vikongwe vya huku, wamebana zaidi: wanaanza msimu nyuma ya wengine na mechi zao ni chache.

Sasa wale wachezaji wako wa kidato cha nne, mtihani ni Novemba. Nakuomba uwaachie alfajiri zao wasome, jioni zinawatosha. Najua utanuna. Nijibu hata kwa ujumbe wa sauti, na Bibi mwambie dawa ya miguu nitaituma na mtu anayekuja Desemba.

Mpwa wako