Malalamiko Kuhusu Filamu Iliyochakachuliwa

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: FILAMU YA "BATTLE OF BRITAIN" (1969) NILIYOIKODI KWENU

Husika na somo tajwa hapo juu.

Jumamosi iliyopita nililipa shilingi 4,000 kwa simu nikaikodi filamu hii kwenye programu yenu. Picha ya tangazo lenu ina ndege ya jeti. Vita ile ya angani ilipiganwa Uingereza mwaka 1940, kwa ndege za mapanga. Nilicheka, nikabonyeza. Mimi ni fundi wa ndege mstaafu, mambo hayo nayavumilia. Hata zile Messerschmitt za Wajerumani za kwenye filamu ni ndege zilizoundwa Hispania na kufungwa injini ya Rolls-Royce Merlin, ukoo mmoja na za Spitfire za Waingereza, kwa hiyo adui na rafiki wananguruma kwa koo moja. Hilo nalo silalamikii. Mwongozaji, Guy Hamilton, alitumia ndege zilizokuwa bado zinaruka.

Kinachonikera ni kile mlichofanya karibu na mwisho. Kuna pambano kubwa ambamo milio ya injini na bunduki inazimwa, unabaki muziki wa William Walton peke yake. Ndege zinawaka, zinaporomoka zikiburuta moshi, na wewe husikii hata risasi moja. Muziki wa Walton ulikuwa umeng'olewa karibu wote na kuwekwa wa Ron Goodwin. Kipande hiki kilinusurika baada ya Laurence Olivier, aliyecheza kama kamanda Hugh Dowding, kuja juu na kutaka jina lake litolewe kwenye filamu. Nyinyi mmekifuta. Mahali pake mmeweka rashasha, mlio ule ule ukijirudia kila baada ya sekunde chache, na mngurumo ambao kwa masikio yangu ni wa jeti. Angalau mnaendana na picha ya tangazo.

Nilipopiga simu, kijana wenu alinijibu kwa adabu: "Shikamoo mzee. Hapo sauti ilikuwa imekatika, mafundi wetu wameirekebisha."

Wameirekebisha!

Kuna na mengine. Wajerumani katika filamu hii wanasema Kijerumani chao, na tafsiri huandikwa chini ya picha. Kwenu maandishi hayo hayapo, ikawa kila wakikutana makamanda wao mjukuu wangu ananiuliza wanapanga nini, nami namsimulia kwa kumbukumbu tangu nilipoiona sinema zamani. Na orodha ya mwisho, inayoonyesha marubani walitoka nchi zipi, wakiwemo wa Poland, New Zealand na Kanada, mmeikata ili kupisha tangazo la filamu ya mapenzi.

Naomba nirudishiwe shilingi 4,000 zangu. Naomba pia filamu irudishwe ilivyokuwa, au muiondoe kabisa, maana kwa hali iliyo nayo sasa mnauza kitu kingine kwa jina la mwigizaji Michael Caine na wenzake.

Yule kijana wa simu msimguse, alisema alichoelezwa. Ila fundi aliyeweka ile rashasha, kama ana nafasi, anipigie. Namba yangu na ya muamala mnazo.

Wenu,
Mteja, Mwanza