Barua ya malalamiko: mtoto wa mbwa wetu aliyerudi kutoka mafunzoni akiwa na hofu

Kwa Meneja,
Kituo cha Mafunzo ya Mbwa

YAH: MATESO ALIYOPATA MTOTO WA MBWA WETU MIKONONI MWA MWALIMU WENU

Ndugu Meneja,

Rejea kichwa cha habari hapo juu.

Tulimleta Doa kwenu akiwa na umri wa miezi minne ili akae kituoni kwa mafunzo ya awali. Tulichoomba kipo kwenye fomu yenu: aache kurukia wageni, atembee na kamba bila kuvuta, na aache kung'ata mikono ya watoto. Alikuwa na fujo za kawaida za umri wake, mbwa wa kumkimbilia kila anayeingia mlangoni. Huyu mliyeturudishia hamkimbilii mtu. Akisikia mlango unafunguliwa anafyata mkia, anajibanza nyuma ya kabati na kujikojolea hapohapo alipolala.

Siku ya kumchukua, mwalimu wenu alitaka kunionyesha alichomfundisha. Alimvisha mnyororo unaokaba shingo, akasema "Kaa!", na kabla Doa hajapata nafasi ya kuelewa, akauvuta juu kwa nguvu hadi miguu ya mbele ikaacha ardhi. Doa akajikojolea. Kwa kosa hilo akavutwa tena. Kisha mwalimu akamlaza chali, akamkandamiza kifua mpaka alipoacha kupapatika, akanigeukia na kusema, "Umeona? Sasa anajua nani mkubwa." Nilimwambia amwachie, nikambeba mbwa wangu nikaondoka.

Hayo niliyaona kwa macho yangu. Mengine nimeyaona kwenye video alizokuwa akinitumia mwenyewe kama uthibitisho wa maendeleo, ambazo nilizifungua zote kwa pamoja jioni hiyo. Katika mojawapo anambana Doa mdomo kwa vidole mpaka analia, kwa sababu tu alitafuna kamba ya kiatu. Katika nyingine Doa anaunguruma huku amejikunyata kwenye kona, naye anampiga kwa ncha ya kamba hadi ananyamaza. Nimeambatisha video hizo, pamoja na barua ya daktari wa mifugo aliyempima siku hiyohiyo na kukuta ngozi ya shingo imechubuka chini ya manyoya na misuli ya shingo ikiuma kila inapoguswa.

Nilipopiga simu ofisini kwenu niliambiwa kwamba kila mwalimu ana mbinu zake, na kwamba la muhimu ni kuwa mbwa ametulia. Ni jibu hilo, kuliko hata yale niliyoyaona, lililonifanya niandike barua hii.

Doa hajatulia. Mwaka 1967 watafiti wa Marekani Martin Seligman na Steven Maier walichapisha majaribio ambayo mtu anayefundisha mbwa kwa malipo anapaswa kuyajua. Mbwa walipigwa shoti za umeme wasizoweza kuzikwepa. Baadaye wakawekwa mahali ambapo kuruka kizuizi kifupi tu kungewaokoa, na wengi wao hawakujaribu kuruka. Walilala chini wakilia na kuvumilia. Mbwa aliyefundishwa kwamba lolote atakalofanya litamletea maumivu huacha kufanya chochote, na kwa mtu asiyemtazama vizuri mbwa huyo huonekana mtiifu. Itazameni video ya mwisho: masikio yamelala nyuma, weupe wa macho umejitokeza pembeni, anajiramba midomo ilhali hakuna chakula, anapiga miayo ilhali hana usingizi. Hizo ni dalili za woga ambazo mwalimu anayeanza kazi leo anapaswa kuzitambua.

Kuhusu "nani mkubwa": dhana hiyo ilitokana na utafiti wa mwaka 1947 wa mwanasayansi Rudolf Schenkel, uliowachunguza mbwa mwitu (aina ya wolf) waliofungiwa pamoja kizuizini. David Mech, mtaalamu aliyechangia sana kuieneza, aliwafuatilia mbwa mwitu porini kwa miaka mingi, na mwaka 1999 akaandika wazi kwamba kundi la kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao. Hakuna anayepigania cheo humo kila kukicha. Kumlaza mtoto wa mbwa chali kwa nguvu hakumfundishi uongozi wowote. Anachojifunza ni kwamba mikono ya watu ni hatari.

Na kung'ata? Katika umri wa kati ya miezi minne na sita mbwa hung'oa meno 28 ya utoto na kuota 42 ya utu uzima. Fizi humuuma na kuwasha, akatafuna kila kilicho mbele yake. Dawa yake ni kumpa kitu halali cha kutafuna na kusitisha mchezo anapouma ngozi. Mwalimu wenu aliubana mdomo ambao tayari ulikuwa unauma.

Lakini linalonitia hofu zaidi ni lile la kumpiga kwa sababu ameunguruma. Mbwa anayeunguruma anaomba nafasi, na anaomba kwa njia ya amani kabisa. Akiadhibiwa kwa hilo, woga unabaki palepale ila onyo linaondoka, na siku atakapozidiwa atauma bila kutanguliza sauti. Nina watoto nyumbani. Tulimleta kwenu kwa ajili yao.

Sasa nieleze kazi mliyotuachia, maana nadhani hamjui ukubwa wake, na bila kuijua hamwezi kupima madai yangu hapo chini.

Tulianza na kutofanya lolote. Kwa ushauri wa daktari hatukumpa amri hata moja, hatukumvisha chochote shingoni, na wageni tuliwaomba wasije kwanza. Alitengewa kona yenye blanketi ambayo hakuna mtu anayeruhusiwa kumfuata, watoto wakiwemo. Tulikaa sakafuni tukimpa ubavu bila kumkazia macho, tukawa tunarusha kipande cha nyama nyuma yake, ili akitaka kula aende mbali nasi badala ya kutusogelea. Mtu anayemvuta mbwa mwoga kwa chakula mkononi humfikisha mahali asipopataka. Akishameza anashtuka kujikuta karibu mno, na safari inayofuata hamwamini tena. Doa alipoanza kurudi mwenyewe baada ya kula, tulijua kuna pa kuanzia.

Kamba ndiyo imekuwa ngumu kuliko yote. Akiiona tu alikuwa anatetemeka. Tuliilaza sakafuni upande wa pili wa chumba wakati wa chakula, na siku aliyokataa kula tulielewa kwamba imekuwa karibu mno, tukaisogeza nyuma. Hiki ndicho kipimo tunachokitumia kwa kila kitu: mbwa anayekataa chakula anachokipenda ameshapita uwezo wake, na ukimlazimisha hapo unabomoa ulichojenga. Sasa anavaa mkanda wa kifuani usiogusa koo, ambao yeye mwenyewe huingiza kichwa ndani yake, na akirudi nyuma hatumfuati nao. Anatembea uani akinusanusa atakavyo. Barabarani bado.

Kuna jambo lingine hamkutueleza, tukaligundua wenyewe. Mwalimu wenu hutembea na rundo la funguo kiunoni. Funguo zikilia popote, hata za jirani, Doa hukimbilia nyuma ya kabati. Tunamzoesha kwa kutikisa ufunguo mmoja uliofungwa kwenye kitambaa, chumba kingine kabisa, kisha mara moja anapata nyama. Sauti inatangulia, nyama inafuata. Ukigeuza mpangilio huo nyama yenyewe inakuwa ishara kwamba balaa linakuja. Ni kazi ya taratibu sana, na mtu mmoja akidondosha funguo mezani inabidi kurudi nyuma hatua nyingi.

Mmoja wa wafanyakazi wenu alinishauri kwa simu nisimbembeleze, eti nitaulea woga. Hilo si kweli. Woga ni hisia, nayo haikui kwa sababu mtu amefarijiwa. Doa akija mwenyewe kujibanza kwangu, nakaa naye, nampapasa kifuani na si juu ya kichwa, na kila baada ya muda mfupi natoa mkono kumpa nafasi ya kuondoka. Mara nyingi siku hizi anausukuma mkono kwa pua ili niendelee.

Umri wake unanifanya nione uchungu zaidi. Kipindi cha takriban wiki ya tatu hadi ya kumi na nne ndicho mtoto wa mbwa hujifunza kwa urahisi kwamba watu na sauti za dunia ni salama, na Doa alikipitia vizuri hapa kwetu. Alikuja kwenu na akiba hiyo. Daktari anaamini kwamba ndiyo inayomsaidia kupata nafuu, na ametuonya kwamba katika ujana wake, ambao ni kipindi cha woga kwa mbwa wengi, baadhi ya hofu hizi huenda zikarudi.

Msiniambie kwamba mbinu za ukali ni suala la mtazamo. Mwaka 2020 watafiti nchini Ureno walichapisha uchunguzi wa mbwa 92 kutoka shule za mafunzo za aina mbalimbali. Waliofundishwa zaidi kwa maumivu na vitisho walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo wakati wa mafunzo, na kiwango cha kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate yao kilipanda baada ya somo. Chama cha Marekani cha madaktari wa mifugo wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa msimamo wake mwaka 2021: mbwa wote wafundishwe kwa tuzo, hata wale wakali.

Kwa hiyo nadai yafuatayo. Mnirudishie ada yote ya mafunzo na mlipe gharama za daktari wa mifugo, zikiwemo za matibabu yanayoendelea, kwa mujibu wa risiti nilizoambatisha. Mnipe kwa maandishi maelezo kamili ya kila alichofanyiwa Doa, kwa vifaa gani na katika mazingira gani. Daktari anayahitaji ili ajue ni vitu gani vingine tuvikaribie kwa uangalifu. Mwalimu huyo aondolewe kwenye kazi ya kugusa mbwa mpaka uchunguzi ukamilike, na wenye mbwa wengine waliopita mikononi mwake wajulishwe. Mwisho, tangazo lenu linasema mnafundisha "kwa upendo." Ama mwandike wazi mbinu mnazotumia, ama mliondoe neno hilo.

Mlijitolea kunipa masomo ya ziada bila malipo kwa mwalimu huyohuyo. Nakataa.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Nisipolipata nitawasilisha barua hii, video na ripoti ya daktari kwa mamlaka zinazosimamia ustawi wa wanyama na haki za walaji. Tafadhali msitume mtu yeyote kutoka kituoni kuja nyumbani kumwona Doa. Mkihitaji kuthibitisha hali yake, wasilianeni na daktari wake, ambaye nimempa idhini ya kuwaonyesha kumbukumbu zote.

Wenu,
Mteja wenu, mwenye Doa

Viambatisho: video, barua ya daktari wa mifugo, risiti, nakala ya fomu ya mafunzo
Nakala: Daktari wa mifugo