Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Msimu wa 2024/25

Ndugu wanachama, wazazi na walimu walezi wa klabu zetu za roboti,

Mahesabu atayasoma mweka hazina, na taarifa ya semina mmeshagawiwa. Nafasi yangu nitaitumia kwa jambo lililotula muda na fedha kuliko yote msimu huu: mnara wa kunyanyulia, yaani reli za roboti zinazochomoka kwenda juu zikiinua mkono wake wa kushikia.

Timu zetu zilijiandaa kwa mchezo wa Into the Deep wa FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti ya wanafunzi, ambapo roboti huinua vipande vya plastiki na kuvitia kikapuni. Masharti yake mnayajua. Roboti inaanza ikiwa imejikunja ndani ya mchemraba wa sentimita 45.7, uzito usizidi kilo 19, na kikapu cha juu kiko sentimita 109 kutoka sakafuni. Reli ya sentimita 40, theluthi yake ikibaki ndani ya mwenzake ili isitetereke, inatoa mwendo wa sentimita 27 hivi. Ngazi mbili, yaani reli mbili zinazochomoka juu ya ile ya chini isiyosogea, hazifiki. Ndiyo maana karibu kila klabu iliishia kwenye ngazi tatu.

Maombi yakaanza kuja kamati, yote ya namna moja: mnara unasuasua, tununulieni mota zenye nguvu zaidi. Tulikataa, na najua wapo walionuna.

Sababu yetu ilikuwa hii. Kamba zikifungwa ili kila ngazi inapopanda iivute iliyo juu yake, ngazi ya tatu hukimbia mara tatu ya ile ya kwanza. Mbio hizo zinalipiwa kwenye winchi, yaani mota na kigurudumu chake kinachokunja kamba: gramu moja ya ngazi ya tatu winchi huibeba kama gramu tatu, ya ngazi ya pili kama mbili, ya kwanza kama moja. Kwa hiyo mkono wa kushikia wa gramu 600 ukipunguzwa hadi 400, winchi imetuliwa gramu 600 nzima. Wakati huo vijana wetu walikuwa wanatoboa sahani za chini mpaka zikawa kama chekeche! Klabu iliyotufurahisha zaidi iling'oa sevo (mota ndogo ya kugeuzia viungo) moja kati ya mbili zilizokuwa juu, ikaweka kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kuurudisha mkono. Mnara ukapanda kwa mota ileile.

Wapo wanaopendelea kamba moja inayopita kwenye roda zote mfululizo. Hapo winchi haibebi mara tatu, ila inakunja kamba mara tatu, na ngazi hupanda kwa mpangilio unaoamuliwa na msuguano. Mimi binafsi kwa klabu changa ningeanza na mfumo huo wa kamba moja.

Kuhusu vifaa: reli za droo za chuma zinateleza vizuri na bei yake inavumilika, lakini ni nzito. Alumini ina gramu 2.7 kwa sentimita ya ujazo, chuma 7.85. Tusisahau kuwa alumini pia hupinda kwa urahisi karibu mara tatu ya chuma, hivyo kubadilisha bapa kwa bapa la unene uleule hakusaidii. Faida inakuja kwenye bomba la mraba. Mabaki ya mafundi wa madirisha yanatosha kabisa. Kamba bora tuliyoipata ni mshipi wa kusuka wa wavuvi. Ule wa nailoni wa uzi mmoja unavutika, upande mmoja unalegea, mnara unakaa mshazari na kukwama.

Palipotushinda ni kuning'inia kwenye mabomba ya sentimita 51 na 91 mwishoni mwa mechi. Mnara mwepesi wa kuinua kipande kidogo cha plastiki hauwezi kudaiwa uvute roboti ya kilo 19. Kamati ya ufundi inashauri kulabu ipelekwe juu na mnara, lakini kamba yake ifungwe kwenye fremu ya chini na uzito wote upite humo.

Kwa mwaka ujao kamati tendaji inapendekeza fungu la mota lipunguzwe, fedha hizo zinunue mzani wa jikoni kwa kila klabu na drili moja ya kusimama ya pamoja. Pia, klabu itakayoomba mota mpya iambatishe orodha ya uzito wa kila kipande kilichoko ngazi ya tatu.

Naomba kutoa hoja.